Lombe, Mama Mkwe na Gari Lililokataa Kufunguka

Kuna wanaume waliofungwa na serikali, kuna waliofungwa na pombe, na kuna waliofungiwa nje na wake zao kwa kurudi nyumbani asubuhi wakinuka uongo. Lombe hakufungwa na yeyote kati ya hao. Lombe alifungwa na mali yake mwenyewe, mchana kweupe, pembeni ya barabara ya Kasenga, ufunguo ukiwa mfukoni mwake. Na hakufungwa peke yake. Angefungwa peke yake, yangekuwa maneno ya kusimulia mtu akimenya viazi, viazi vikiisha na maneno yameisha.

Mali hiyo ilikuwa jeep. Si ile ndefu ya wakubwa wa mgodi, inayopita ikiacha vumbi kama mwisho wa dunia, wala si kile kigari ambacho mtu mnene akishuka kinapumua. Ilikuwa ya katikati, nyeupe kama unga wa bukari, yaani ugali, na plastiki ya kiwandani ingali kwenye viti, maana Lombe alikataa kuitoa. Jina lake Hanzuo, ya kutoka Uchina. Lombe, mtoto wa mtaa wa Katuba, alikuwa ameendesha mashine ya kusaga mawe kule upande wa Kinsevere mpaka masikio yake yakazoea kusikia nusu tu ya maneno ya watu. Kampuni ndogo iliyomwajiri ilipofunga milango, ikampa malipo yake ya mwisho. Wenye akili wakamwambia ajenge. Wenye akili zaidi wakamwambia anunue kwanza kiwanja. Akanunua Hanzuo, akaanza kubebea maharusi siku za Jumamosi, na siku nyingine kuipangusa.

Wenye Hanzuo mjini Lubumbashi walikuwa wachache, na kama watu wote wenye ugonjwa mmoja, walitafutana. Wakafungua kundi kwenye simu, wakawa wanapelekeana maradhi na dawa. Huyu anasema mlango wangu unapiga mluzi nikikimbia, yule anamwambia kata mpira wa ndani wa baiskeli, jaza kwenye ukingo, utanyamaza. Huyu anasema harufu ya mafuta, yule anasema sabuni ya kufulia, ile ya mche, paka kwenye kiungo, ngoja ikauke. Lakini shauri lililochukua siku nyingi kuliko yote lilikuwa la mwanamke wa ndani ya gari. Kila Hanzuo ilikuwa na mwanamke aliyefichwa mahali fulani nyuma ya usukani, akisema Kichina. Ukikanyaga mstari, anasema. Ukisahau mkanda, anasema. Hakuna aliyejua anasema nini. Mke wa mwenzao mmoja alikataa kupanda kabisa mpaka aelezwe huyo mwanamke ni nani na mumewe alimtoa wapi.

Mkubwa wa kundi alikuwa Papa Donat, aliyeendesha treni mpaka akastaafu, na kwa hiyo kila gonjwa la jeep alilitibu kama gonjwa la treni. Sauti zake alizotuma zilikuwa ndefu. Unaweza kuanza kuisikiliza moja ukiwa na njaa, ukaimaliza umeshiba. Baada yake alikuwa Mama Myriam, muuza saruji, ambaye maneno yake yalikuwa machache kama chumvi ya mgonjwa. Papa Donat akiongea, watu wanasema ahsante. Mama Myriam akiongea, gari linapona.

Basi mke wa Lombe, Syntiche, akajifungua. Mtoto wa kwanza, wa kiume, mwenye kilio cha kuamsha mtaa. Na mtoto wa kwanza akizaliwa, bibi yake wa upande wa mama, nkambo kwa lugha yao, anakuja kumwosha na kumkanda mama yake. Bibi mwenyewe alikuwa Mama Marceline, wa Pweto, muuza samaki wakavu wa ziwa Mweru. Hapo ndipo Lombe alipoanza kukosa usingizi kuliko hata mzazi.

Maana kwa watu wa kwao, mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Mkwe wa kiume hamtazami usoni. Hali naye sahani moja, hakai naye chumba kimoja, hamsemeshi ana kwa ana. Neno linapita kwa mtu wa tatu, hata kama wamesimama hatua mbili. Inakaa hivyo mpaka siku mama mkwe mwenyewe atakapoamua kuondoa haya, na anaiondoa kwa mkono wake na kwa chungu chake, wala hakuna anayemharakisha. Na Lombe alikuwa tayari na doa. Alipokwenda Pweto kutoa mahari, asubuhi alichukua taulo lake akaingia kwenye uzio wa nyasi wa kuogea bila kukohoa. Ndani alikuwa Mama Marceline, na sabuni mpaka kwenye nyusi. Mtu mwingine angekimbia. Lombe, kwa adabu za mjini, alisema pardon, akamsalimia, akanyoosha mkono.

Alilipa mbuzi. Mama mkwe akampokea yule mbuzi, na kupitia kwa dada yake akatuma neno ambalo Lombe alilibeba tangu siku hiyo kama mtu anavyobeba jiwe kiatuni.

"Mumwambie, haya ya kwanza ni mbuzi. Ya pili ni binti yangu. Nitakuja kumukamata, yeye na watoto yake yote."

Na Mama Marceline hakuwa mtu wa kusema kwa kupamba ulimi. Alikuwa amekwisha kumrudisha Pweto binti yake mkubwa, kwa sababu mkwe alimwita yeye mama kwa jina lake mbele ya watu.

Kwa hiyo Lombe aliiandaa Hanzuo kama anayeandaa kanisa. Alishona vikwembe, vitenge viwili, pamoja, akavitundika nyuma ya viti vya mbele, kutoka darini mpaka sakafuni, akavifunga kwenye vishikio pande zote. Akakigeuza kioo cha kutazamia nyuma kielekee juu, asije akamwona kwa bahati mbaya. Mpango ulikuwa safi: Mama Marceline anakuja na dada yake, yule yule mpeleka maneno. Mama atakaa nyuma, dada atakaa mbele, na neno litapita kwa njia yake.

Basi la Pweto lilichelewa, kama ilivyo desturi ya basi la Pweto. Pale kituoni umeme ulikuwa umekatika tangu juzi, na watu walipoona Hanzuo imesimama inang'aa, wakaja na simu zao. Lombe hakujua kukataa akisifiwa. Alichomeka nyaya kila mahali penye tundu, akawasha kioo kikubwa cha mbele chenye picha, akazima injini, akawaacha watu wachaji huku wakitazama muziki. Alichaji simu za kituo kizima. Ya kwake, iliyokuwa inakaribia kuzima, aliisahau mfukoni.

Basi likaja. Akashuka Mama Marceline, kitambaa kimeshuka mpaka kwenye macho, ameelekea ukutani kwa heshima. Nyuma yake wakashuka wanaume wawili na kitunga cha chisense, vile visamaki vidogo vikavu, kitunga kikubwa kama mtoto wa tembo. Kisha akashuka jogoo mwekundu, miguu imefungwa kamba. Kisha hakushuka mtu. Lombe akangoja. Mama Marceline akauambia ukuta kwamba dada yake amevimba jino, amebaki Kasenga, na kwamba huyu jogoo ndiye aliyekuja.

Hapo Lombe angetafuta mtu yeyote, hata muuza maji, akampakia awe wa tatu. Hakutafuta. Jua lilikuwa la Oktoba, mtoto analia nyumbani, na pazia alilishona mwenyewe akaliona imara kuliko ukuta. Wale wanaume wakakisukuma kitunga kwenye kiti cha nyuma kwa magoti mpaka kikakwama vizuri, Mama Marceline akakaa kando yake na jogoo mapajani, begi lake likaenda buti na simu yake ndani yake. Wakaondoka. Nyuma ya pazia kimya; mbele ya pazia Lombe akiendesha kwa shingo iliyokakamaa kama aliyemeza mwiko.

Hawakufika mbali. Malori ya mawe ya shaba yalikuwa yamesimama mkia kwa mkia, moja limevunjika mbele huko, na msururu umefunga barabara. Lombe akajipenyeza pembeni, lori ubavuni kushoto, mtaro ubavuni kulia, akasimama. Akakumbuka somo la Papa Donat, lililosifiwa na kundi zima: kwenye msururu, zima injini usile mafuta bure, acha upepo wa baridi uendelee, betri ni kubwa, itavumilia. Treni hufanya hivyo. Akazima injini, akaacha upepo.

Upepo ukavuma, ukavuma, ukapiga kikohozi. Kioo cha picha kikafifia. Yule mwanamke wa Kichina akasema neno moja refu, la polepole, kama mtu anayeusia watoto, akanyamaza. Lombe akabonyeza kuwasha. Kimya. Akabonyeza kufungua mlango, maana Hanzuo haina mshiko wa kuvuta, ina kitufe, na kitufe kinakunywa kwenye betri ile ile. Kimya. Akabonyeza cha dirisha. Akabonyeza vyote alivyoviona, hata vile ambavyo hajawahi kujua kazi yake.

Nyuma ya pazia ikatoka sauti, taratibu, kama ya mtu anayezungumza na mtoto wa mwenzake.

"Jogoo, uliza huyu muntu: ule mwanamuke mwenye alikuwa anasema mu mutuka, amekufa ao ameshuka?"

 Kujibu moja kwa moja ni kosa. Kunyamaza mbele ya mkubwa ni kosa pia. Jogoo alikuwepo, ana masikio, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtu wa tatu lazima awe mtu.

"Jogoo, mwambie mama, ule haikuwa muntu. Ni mashini. Na mashini iko inapumuzika."

"Mwambie na shiye twende tupumuzike inje."

Hapo ndipo ilipokuwa kazi. Joto lilianza kupanda. Wanasema siku ile ndani ya Hanzuo maji ya chupa yalichemka yenyewe, na kwamba wale chisense, waliokufa na kukaushwa tangu mwezi uliopita, walianza kukumbuka ziwa na kutoa jasho. Harufu ikajaa mpaka ikawa kama abiria wa nne. Lombe akagonga kioo. Injini za malori zilinguruma kuliko ngumi yake. Na vioo vyenyewe alikuwa ametia giza kwa ajili ya maharusi, mtu wa nje haoni kitu. Akaja mama muuza mayai ya kuchemsha, akasimama mbele ya uso wa Lombe kabisa, pua kwa pua, kioo katikati. Lombe akafurahi, akapunga mikono yote miwili. Yule mama akajitazama kwenye kioo, akakaza kitambaa chake, akang'oa kipande cha yai kwenye jino, akatabasamu kuona kama meno yako safi. Lombe akagonga kwa nguvu. Yule mama akaruka, akakusanya mayai yake akaenda zake, na baadaye aliwaambia wenzake kuna jeep nyeupe yenye pepo, inagonga yenyewe.

Akatoa simu. Chaji ilikuwa imebaki kama mate ya mtu aliyefunga. Akanong'ona kwenye kundi, mkono umefunika mdomo, asisikike nyuma: ndugu zangu, betri imekufa, milango haifunguki, niko barabara ya Kasenga kwenye msururu wa malori, na nyuma niko na mama mkwe. Na hajaondoa haya bado.

Kundi likashtuka. Kuna aliyemwambia avunje kioo, na Lombe akavua kiatu akapiga kwa kisigino mpaka kisigino kikatoka. Kioo hakikuumia hata moyo. Papa Donat akaanza kutuma sauti, na ile sauti ilianzia kwenye historia ya breki. Chaji ikawa inayeyuka katikati ya reli na mabehewa. Kisha chini yake yakaingia maandishi ya Mama Myriam: kuna kamba nyekundu, chini ya kiti cha nyuma, katikati. Inua kiti, vuta juu kwa nguvu. Milango yote.

Lombe akasoma. Simu ikazima.

Chini ya kiti cha nyuma. Ingekuwa chini ya usukani, angeivuta kwa meno. Ingekuwa juu ya paa, angepaa. Lakini kamba ya kumtoa gerezani ilikuwa chini ya mama mkwe wake. Alikaa akitazama kioo cha kutazamia nyuma, kilichokuwa kinamwonyesha dari, na akaona kwamba siku ile alipokigeuza kwa heshima ndiyo siku aliyojigeuzia kaburi.

"Jogoo," akasema mwishowe, "mwambie mama, pale ameikala, chini ya kiti, katikati, kuko kamba ya mwekundu. Tafazali ainue kiti, avute."

Nyuma ya pazia kukasikika kuhangaika, plastiki ya viti ikilia, jogoo akilalamika, pumzi za mama zikipanda. Kisha zikashuka.

"Mwambie kiti haiinuki. Kitunga ya chisense imekwama juu yake, miye niko juu yake, na adabu yote ya Lubumbashi iko juu yake. Inaomba muntu mwenye nguvu aisukume kutokea huko mbele, na mwingine avute."

 Kusukuma kutokea mbele ni kupitisha mikono chini ya pazia, kati ya viti, mpaka kwenye kiti alichokalia mama mkwe, bila kujua mikono itakutana na nini. Lombe aliona jambo zima mbele yake kama picha za kioo kile kilichokufa: begi la Syntiche mlangoni, kile kitoto kimefungwa mgongoni, basi la Pweto likiwasha injini kwa wakati kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Ya pili ni binti yangu. Alikuwa amelipa mbuzi kwa kunyoosha mkono mmoja. Sasa ilikuwa mikono miwili.

Akaamua kungoja. Malori yataondoka, mtu atapita, Mungu atatazama. Akangoja. Shati likamgandia kama ngozi ya pili. Lori la kushoto likapiga honi, likasogea kidogo, likasimama tena na kufunika hata kivuli kidogo cha anga alichokuwa nacho. Jogoo, ambaye tangu mwanzo alikuwa akinung'unika, akaacha. Kisha Lombe akasikia jambo lililomtisha kuliko joto: pumzi za mama mkwe zimekuwa fupi, zinakuja na mluzi, kama mlango wa Hanzuo kabla ya mpira wa baiskeli.

Akavua shati. Akalikunja, akalifunga machoni, akakaza kwa mkanda wa suruali mpaka nyota zikaonekana.

"Jogoo, mwambie mama nimefunga macho na shati. Mwambie nitapitisha mikono chini ya rideau, nisukume kiti tu. Mwambie kama hapendi, tutakufia humu na heshima yetu, miye sitasema neno. Lakini mwambie mutoto hajamuona nkambo yake."

 Kikasikika kikwembe kikichakarisha, mama alikuwa anajifunika uso wote kwa nguo yake ya pili, na kukaza.

"Mwambie mukwe wangu afunge kabisa," ikasema sauti iliyofunikwa. "Hapana ya kufinyafinya."

Lombe akageuka, akapiga magoti kwenye kiti, akapitisha mikono chini ya pazia kama mtu anayetafuta nyoka shimoni. Akagusa plastiki. Akagusa kitunga. Akasogea, akapapasa, na mkono wake wa kulia ukashika kitu. Kilikuwa kikavu, chembamba, kigumu, chenye magamba magamba, kama kidole cha mguu cha mtu aliyetembea maisha yake yote na kitunga kichwani. Lombe akaganda. Amemshika mama mkwe mguu. Hakuwa na hata nguvu ya kuachia. Aliona begi la Syntiche linapakiwa juu ya basi.

Jogoo akapiga kelele ambayo hata madereva wa malori waliisikia, akapigapiga mabawa, akamchapa Lombe usoni kupitia pazia. Ulikuwa mguu wake.

Na nyuma ya pazia, katikati ya mlio huo, Mama Marceline akacheka. Alijaribu kukizuia kicheko, kikamtoka puani, kisha kikamtoka chote, kicheko kikubwa cha soko la Pweto, cha wanawake waliokaa juu ya mizigo. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akapata pumzi.

"Sukuma," akasema, na safari hii hakumtaja jogoo.

Lombe akasukuma. Alisukuma kwa nguvu zote za miaka ya kusaga mawe. Kiti kikanyanyuka na kitunga juu yake, mama akavuta, na milango ya Hanzuo ikafunguka yote kwa pamoja, hata ya buti, kama waumini wakisema amina.

Upepo ukaingia. Lombe akaangukia nje upande wa mtaro, kifua wazi, shati machoni. Mama Marceline akashuka upande ule ule, kichwa kizima kimefungwa kama mzigo wa sokoni, jogoo mkononi, chisense wakimwagika nyuma yake kama mvua. Na pale ukingoni mwa mtaro walikuwa wamesimama wenye Hanzuo wa Lubumbashi, wote, na nyaya za betri mikononi. Ujumbe wa Lombe ulikuwa umewatoa kila mmoja alipokuwa. Papa Donat alikuwa amekuja hata na filimbi ya treni. Wakatazama wale watu wawili wasio na macho na jogoo mwenye macho.

 Mama Myriam akawaambia wanaume wageuke. Wakageuka wote, wakapanga migongo kama ukuta, mpaka mama mkwe alipovikwa vizuri na kupewa maji na kuketishwa kwenye gari lake, yeye Myriam, nyuma, peke yake. Msururu ulipofunguka, Lombe aliwafuata kwa mbali, na Hanzuo yake iliyofufuliwa kwa nyaya, milango yote wazi kidogo. Hakuthubutu kuifunga.

Nyumbani Katuba hakuingia ndani. Alikaa kwenye kopo la rangi, upande wa pili wa uwanja, akitazama mlango wa nyumba yake. Alimsikia mtoto akilia, akasikia akinyamaza, akajua sasa yuko mikononi mwa bibi. Akasikia wanawake wanaongea chini chini, kisha kicheko cha Syntiche, kisha kimya. Kila pazia la mlango lilipotikisika, alitazama chini kwanza, kuona kama kuna begi. Majirani walimpa salamu, akaitikia vibaya. Papa Donat alikuja kumliwaza, akaanza na breki, akaona uso wake, akaondoka.

Kisha ikaja harufu. Mafuta, kitunguu, na kitu kinachochemka taratibu.

Mlango ukafunguka, akatoka Mama Marceline. Hakuelekea ukutani. Alivuka uwanja moja kwa moja, chungu kimefunikwa mikononi, na Lombe akawahi kuinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Aliona miguu yake ikisimama mbele yake. Haikufanana hata kidogo na ya jogoo. Aliona chungu kikiwekwa chini, kifuniko kikiondolewa. Ndani kulikuwa na jogoo mzima, mwekundu wa mafuta, miguu imekunjwa vizuri. Jogoo huyo alikuwa ametoka Pweto kwa kazi hii ya kuondoa haya, kama mkwe angestahili, na kama asingestahili angerudi Pweto pamoja na Syntiche. Dada yake mama mkwe ndiye alitakiwa kuamua pamoja naye. Dada alikuwa na jino.

"Inua uso, mukwe," akasema Mama Marceline. "Muntu mwenye anafunga macho na shati yake, mu ile joto, ju asinione, ule anaweza kufa ju ya heshima. Na miye sitaki binti yangu akuwe mujane ju ya heshima. Kula."

Lombe akainua uso. Alikuwa mama wa kawaida, mwenye alama ndogo kwenye shavu na macho yaliyokuwa bado yanacheka. Akakata kipande, akakitia mdomoni, kikakataa kushuka. Aliyekuwa ndani ya chungu alikuwa amempelekea maneno mchana kutwa, na kwa maneno hayo amemwokolea nyumba. Alikitafuna kwa machozi. Mama mkwe alidhani ni pilipili, akaridhika.

Hiyo ndiyo siku haya ilipoondolewa kati ya Lombe na mama mkwe wake, na mtu angesema sasa yuko huru. Pazia lilishushwa, likawa nguo za mtoto. Kioo kikarudishwa mahali pake. Lakini mama mkwe aliyenyamaza tangu siku ya mahari alikuwa ameweka maneno mengi, na sasa hakukuwa na jogoo wa kuyapunguza. Anakaa mbele, kando ya Lombe, mkanda amefunga, kitunga miguuni. Harudi Pweto mpaka mtoto atembee. Wakienda sokoni, anamwambia wapi apite. Wakienda misa, anamwambia kwa nini amepita pale. Akikanyaga mstari, yule mwanamke wa Kichina anasema, na Mama Marceline anamjibu, na wawili hao wanasikilizana vizuri. Na milango ya Hanzuo, tangu Mama Myriam aiwekee betri mpya, inajifunga yenyewe mara tu gari likiondoka, kwa usalama.

Jumamosi moja, wakiwa wamesimama tena katikati ya malori, Lombe alijifanya anatazama njia kwenye simu, akaandikia kundi akiuliza kama kuna mtu mwenye dawa ya hili la sasa. Papa Donat, kwa mara ya kwanza tangu kundi lifunguliwe, hakutuma sauti. Mama Myriam ndiye aliyejibu, baada ya kufikiri.

"Ile haina kamba."